Anayesimama Kwenye Zege

Jengo likiporomoka, mitaani na bungeni huulizwa kwanza mhandisi alikuwa nani. Ni swali la haki, maana sheria za nchi zetu zimemweka mhandisi mbele na kumpa muhuri. Lakini likiishia hapo, linawaacha kando watu walio wengi zaidi katika kazi yenyewe. Mhandisi hukokotoa mzigo ambao nguzo itabeba, huchagua unene wa nondo na nguvu ya zege, kisha hutia sahihi kwenye mchoro. Kuanzia hapo mchoro unaingia mikononi mwa wengine. Yupo mwanateknolojia anayeugeuza kuwa vipimo na ratiba ya kazi. Yupo fundi sanifu anayepima udongo, anayekagua nondo kabla zege halijamwagwa, anayechukua sampuli na kuzipeleka maabara. Wapo mafundi mchundo wanaokata, wanaofunga na wanaomwaga. Katika mipango ya nguvukazi hutajwa mara nyingi uwiano wa mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25, na yeyote aliyepita karibu na eneo la ujenzi anajua kwamba mhandisi huja na kuondoka, ilhali wale wengine wanashinda pale. Nashikilia kwamba usalama wa raia unategemea sana huyo wa katikati, na kwamba hatutampata mwaminifu wa kudumu mpaka jina lake liwe katika daftari la taaluma, lenye mamlaka ya kumfuta akidanganya na wajibu wa kumtetea akikataa kudanganya.

Ili kuona uzito wa jambo hili, tuangalie zege. Zege bichi hupimwa kwa koni ya bati yenye kimo cha milimita 300. Hujazwa kwa awamu tatu, kila awamu ikishindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni hunyanyuliwa polepole na zege likabonyea. Kimo lilichopoteza ndicho kipimo. Likibonyea kupita kiwango kilichoelekezwa, maji huenda yamezidi, na maji yakizidi yakilinganishwa na saruji, nguvu hupungua hata kama saruji yenyewe ni ya daraja la juu. Vibarua hupenda zege lenye maji mengi kwa sababu halichoshi kulisambaza, na mkandarasi mwenye haraka halikatai. Baada ya kipimo hicho hujazwa vyuma vya mchemraba vyenye pande za milimita 150. Vipande vinavyotoka humo hutunzwa ndani ya maji, vingine vikapondwa kwenye mashine siku ya 7 na vingine siku ya 28. Siku ya 7 zege la kawaida huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Jibu la siku ya 28 linapofika, mara nyingi ghorofa nyingine imeshapanda juu ya ile iliyopimwa.

Kila hatua hapo ina mwanya wa udanganyifu, na mhandisi aliye ofisini hawezi kuona hata mmoja. Sampuli inaweza kuchukuliwa kutoka mchanganyiko maalumu uliotiwa saruji ya kutosha kwa ajili ya maabara tu, wakati nguzo zinajazwa mchanganyiko mwingine. Tarehe inaweza kurudishwa nyuma. Kipande kilichopasuka mapema kinaweza kutupwa, kingine kikapewa namba yake. Vivyo hivyo kwa nondo: mchoro unaweza kudai nondo za milimita 16 zilizopangwa kwa nafasi fulani, lakini zege likishamwagwa hakuna jicho linaloweza kuzihesabu bila vyombo vya pekee. Katika miji ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, unene wa zege linalofunika nondo ni jambo la uhai, maana chumvi ya hewa ya bahari hupenya, chuma kikaanza kutu, kutu ikatanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Milimita chache zikipunguzwa ili kubana matumizi, hasara hujitokeza miaka kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshalipwa na kuhama. Mhandisi anapotia sahihi kwamba jengo limejengwa kama lilivyochorwa, kwa kiasi kikubwa anaamini karatasi aliyoijaza fundi sanifu. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wote alio nao.

Sasa tujiulize fundi sanifu huyo anamjibu nani. Mara nyingi anamjibu mwajiri wake peke yake, naye ni mkandarasi au maabara inayolipwa na mkandarasi. Ana stashahada, lakini stashahada inaeleza kwamba mwaka fulani alifaulu mitihani fulani. Haielezi alivyojiendesha tangu hapo, na chuo hakina utaratibu wa kumnyang'anya kwa sababu ameghushi majibu ya maabara miaka 10 baadaye. Usajili ni kitu tofauti. Aliyesajiliwa amekubali kanuni za maadili, anahuisha usajili wake, anaonyesha kwamba anaendelea kujifunza, na yupo aliye na mamlaka ya kumwita, kumsikiliza na kumwondoa. Katika hospitali zetu hakuna anayedai kwamba daktari akishasajiliwa inatosha. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia nao wana lao, kwa kuwa tumekubali kwamba anayechoma sindano ana wajibu wake mwenyewe mbele ya mgonjwa, hata kama dawa imeandikwa na mwingine. Sioni sababu ya kumfikiria tofauti anayeamua kama zege lililomo kwenye toroli ni la kumwagwa au la kurudishwa.

Sheria zipo, tena zimekuja kwa njia mbili. Tanzania ilikuwa na sheria ya usajili wa wahandisi tangu 1968, ikaiandika upya kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, ambayo ndiyo msingi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya sasa. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliwafungulia mlango mafundi sanifu, pamoja na daraja lililo kati yao na mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo wote wako chini ya paa moja. Hilo lilichelewa, ukizingatia kwamba mafundi sanifu wamekuwa wakitoka vyuoni kwa miongo mingi: Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia, kilianza 1957, na Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa 1978. Vizazi vya wenye cheti kamili cha fundi sanifu (FTC) vilijenga barabara, vikafunga mitambo ya maji na kuendesha viwanda, majina yao yakibaki kwenye majalada ya waajiri tu.

Kenya ilikwenda kwa mkondo mwingine. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi na kuwashughulikia wahandisi. Miaka miwili baadaye Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zikapandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu vya kiufundi, na vijana wenye shahada za teknolojia wakajikuta njia panda, kwani bodi ilidai shahada ya uhandisi na wao walikuwa na ya teknolojia. Malalamiko yao, pamoja na ya wenye diploma waliokuwa wakitafuta kutambuliwa, yalizaa Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi, Na. 23 ya mwaka 2016, iliyounda bodi ya pekee ya kuwasajili wanateknolojia na mafundi sanifu, ambayo Wakenya huifahamu kwa herufi zake, KETRB. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini iliandamana na hisia ambayo bado ninaiona katika mjadala wa pande zote mbili za mpaka, yaani kuuchukulia usajili kama cheo, nafasi ya kuandika herufi mbele ya jina na hoja ya kudai mshahara mzuri zaidi. Heshima na mshahara ni mambo halali, nami simlaumu anayeyatafuta. Hata hivyo raia analipa gharama ya kuwa na bodi kwa ajili ya ulinzi wake, na bodi inayopimwa kwa idadi ya vyeti ilivyogawa inaweza kujaza daftari bila kuifanya nguzo hata moja kuwa imara zaidi.

Nguvu halisi ya usajili iko mahali pengine. Mkandarasi amechelewa, gari la zege limekaa juani kwa saa mbili, dereva anaongeza maji ili litoke. Fundi sanifu anajua linapaswa kukataliwa. Kama chakula chake chote kinatoka kwa mkandarasi huyo, kukataa ni kujifukuza kazi, na kesho ataletwa mwingine mwenye njaa zaidi. Lakini akiwa na usajili ambao utafutwa akitia sahihi karatasi ya uongo, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, kukubali nako kunakuwa na gharama, tena gharama ya maisha yake yote ya kazi, wala haiishii kwenye mradi mmoja. Pili, na hili naliona kubwa zaidi, anaweza kumwambia bosi wake jambo ambalo bosi analielewa bila ugomvi: siwezi, nitapoteza usajili. Na kama sheria inadai kwamba anayeletwa badala yake naye awe amesajiliwa, basi mkandarasi hawezi kumtafuta wa kumpindisha kirahisi. Daftari linampa mtu mdogo mwajiri wa pili asiyemlipa mshahara, anayemdai ukweli.

Wanaodhani hili haliwezekani Afrika Mashariki watazame umeme. Nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja ya herufi. Nchini Kenya, mamlaka ya nishati, EPRA, hufanya vivyo hivyo. Mwenye daraja la chini anaruhusiwa kufunga nyaya za nyumba ya kawaida lakini haruhusiwi kugusa mfumo wa kiwanda, na mwenye daraja la juu amethibitisha elimu na uzoefu. Mipaka imeandikwa. Zaidi ya hayo lipo lango: shirika la umeme halitarajiwi kuunganisha nyumba mpya bila karatasi ya fundi au mkandarasi mwenye leseni kuthibitisha kwamba ufungaji umefanywa na kupimwa. Najua vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, wapo; najua leseni hukodishwa na sahihi huuzwa. Lakini hata hao vishoka wanalazimika kwenda kutafuta sahihi ya mwenye leseni, kwa sababu bila hiyo umeme hauwaki. Usajili ulifanya kazi kwa sababu uliwekwa mlangoni mwa kitu ambacho mwananchi anakihitaji. Zege halina mlango wa namna hiyo. Jengo linaweza kupanda, likapangishwa na kujazwa watu bila yeyote kudai kuona nani alitia sahihi majibu ya maabara, na namba yake ya usajili ni ipi.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia linatoka kwa wahandisi wenye nia njema. Wanasema wajibu hauwezi kugawanywa: mhandisi ndiye anayebeba dhamana, na ukimsajili aliye chini yake unafungua njia ya kila mmoja kumrushia mwenzake lawama. Hoja ina uzito, kwa kuwa ni kweli kwamba jengo linahitaji mtu mmoja wa mwisho. Lakini tazama kilichotokea katika mji wa George, Afrika Kusini, tarehe 6 Mei 2024. Jengo la makazi lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 34. Afrika Kusini ina sheria nzuri ya taaluma ya uhandisi ya mwaka 2000, yenye baraza moja linalosajili wahandisi, wanateknolojia na mafundi sanifu, na mradi ulikuwa na mhandisi. Ripoti za uchunguzi zilizotangazwa Julai 2025 zilieleza kwamba dalili za hatari zilikuwa zimeonekana, na kwamba afisa wa usalama na afya wa mradi alijiuzulu kwa wasiwasi, kazi ikaendelea. Mtu alikuwepo pale, akaona, akaogopa, akaondoka. Wajibu ukirundikwa juu ya mmoja, wengine wote wanaruhusiwa kunyamaza. Tukio hilo pia linanionya mimi ninayetetea usajili, kwa kuwa daftari lilikuwepo na halikutosha. Kilichokosekana ni kanuni inayomfanya aliyeona hatari aipeleke kwa mamlaka yenye uwezo wa kusimamisha kazi siku hiyo hiyo, badala ya kubakiwa na njia moja tu ya kukunja virago vyake.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami sitaki kulipita haraka. Linasema kwamba majengo yaliyotuua hayakuanguka kwa kosa la fundi sanifu. Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lililokwisha kuwekewa alama ya kubomolewa lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa 16 zilizokuwa zikijengwa ziliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, na ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo lililokuwa likitumika kwa biashara lilianguka juu ya wachuuzi na wanunuzi, zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Katika visa kama hivi tatizo ni wamiliki wanaokiuka vibali na mamlaka zinazochelewa kuchukua hatua, kwa hiyo, wanasema, kumsajili fundi aliyesoma ni kumfunga kamba ambaye tayari yuko zizini.

Nakubali nusu ya hoja hii. Hakuna daftari litakalomzuia tajiri asiyeajiri mtaalamu yeyote. Nusu ya pili siikubali. Tujiulize nani huenda kukagua jengo na kuandika kwamba limezidi ghorofa au lina ufa. Ni watumishi wa halmashauri na kaunti, na wengi wa wanaotembea mitaani kwa kazi hiyo ni watu wa ngazi hii hii ya kati, mafundi sanifu na wakaguzi wa majengo. Wanakutana na shinikizo lile lile la fundi wa mkandarasi, pengine zito zaidi, maana upande wa pili kuna mwenye mali na jamaa zake wenye nafasi. Mkaguzi anayeandika barua mara moja na kuambiwa aachane na jambo hilo hana pa kwenda. Angekuwa amesajiliwa, angekuwa na wajibu wa kitaaluma wa kupeleka nakala kwa bodi, nayo nakala hiyo isingeweza kupotea kwenye droo ya ofisi iliyomkaripia. Jengo la Huruma lilikuwa na alama ukutani. Aliyeiweka alikuwa ameona sawasawa. Kati ya alama na nyundo ya kubomoa kulikuwa na pengo, na pengo hilo linazibwa na mtu ambaye kuchukua hatua ni wajibu wake na kunyamaza ni kosa lake.

Wapo pia wanaosema usajili utamgeuza fundi sanifu kuwa mbuzi wa kafara: mkubwa ataponyoka, mdogo atafutiwa jina. Hofu hii ni ya kweli, nami ningeichukua kwa uzito mkubwa kama leo fundi sanifu angekuwa salama. Hayuko salama. Ajali ikitokea, walio eneo la kazi ndio wanaokamatwa kwanza, na anayewahoji ni polisi, ambaye hajui tofauti ya kukagua nondo na kuzikokotoa. Mbele ya kamati ya taaluma yenye watu wa daraja lake, swali la kwanza lingekuwa lile hasa linaloweza kumwokoa: jambo hili lilikuwa ndani ya mipaka ya kazi yake, na alimwarifu nani? Lakini faida hiyo inategemea kanuni mbili. Kamati iwe na mafundi sanifu ndani yake, na mipaka ya kazi iwe imeandikwa kabla ya ajali.

Gharama ni suala la haki zaidi kuliko la kisheria. Fundi sanifu wa wilayani mwenye mshahara wa kuunga unga hawezi kutozwa kwa mantiki ya mhandisi mshauri wa mjini, wala kutakiwa asafiri hadi makao makuu kwa ajili ya warsha inayomwongezea alama za mafunzo endelevu. Ada iwe ndogo, mwajiri aibebe inapowezekana, na mafunzo yafuate watu walipo. Kuna tatizo jingine kubwa zaidi nyuma ya hili, nalo ni fundi wa mtaani aliyejifunza kwa kumwangalia mjomba wake, asiye na cheti lakini anayefunga nondo kwa ustadi. Daftari likijengwa kwa vyeti peke yake litamfungia nje na kumwacha aendelee kufanya kazi gizani. Tanzania ina njia ya mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ya kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo mtu anapimwa kwa anachoweza kufanya, na Kenya nayo imeanza kutambua ujuzi kwa namna hiyo. Njia hiyo haimfanyi mtu kuwa fundi sanifu kwa siku moja, wala haipaswi. Inampa daraja la kwanza la ngazi, na ngazi isiyo na daraja la kwanza haipandwi.

Kuhusu ugomvi wa nyumba moja au mbili, ambao wenye taaluma hutumia nguvu nyingi kuujadili, ninaona umepewa umuhimu kuliko unavyostahili. Bodi ya pekee ya Kenya imewapa wanateknolojia na mafundi sanifu sauti yao wenyewe, lakini imeacha mvutano wa mpaka na bodi ya wahandisi, na mwananchi mwenye malalamiko hajui agonge mlango upi. Paa moja la Tanzania linarahisisha uwajibikaji, lakini mafundi sanifu ni wageni katika nyumba iliyojengwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi. Jimbo la Alberta, Kanada, lina mfano wa kufikirisha: tangu 2009 vyama viwili, cha wahandisi na cha wanateknolojia, vinafanya kazi chini ya sheria moja, na mwanateknolojia aliyethibitishwa anaweza kupewa leseni ya kufanya kazi za uhandisi na kuzitia muhuri peke yake, ndani ya mipaka iliyoandikwa kwa jina lake. Uhandisi haukuanguka huko. Nikilazimika kuchagua, ningechagua daftari moja lenye kamati ya wanateknolojia na mafundi sanifu iliyo na kura zake, kwa sababu jengo ni moja na uchunguzi wa ajali unapaswa kuwa mmoja. Lakini nchi yenye bodi mbili na mipaka iliyo wazi itamlinda raia kuliko nchi yenye bodi moja isiyojua nani anaruhusiwa kufanya nini.

Kilichobaki ni kuweka daftari mlangoni, kama ilivyo kwenye umeme. Majibu ya maabara ya zege, udongo na lami yasipokelewe bila jina na namba ya usajili ya aliyechukua sampuli na ya aliyeipima, na wanaotoa zabuni za serikali waanze wao, maana serikali ndiyo mteja mkubwa wa ujenzi na haihitaji sheria mpya kudai hilo katika mikataba yake. Mbao za miradi zinazosimikwa barabarani huonyesha mteja, mshauri na mkandarasi. Ziongezwe mstari wa fundi sanifu anayesimamia ubora. Kanuni zitaje waziwazi kwamba aliyesajiliwa anaweza kukataa zege au kusimamisha umwagaji kwa maandishi, na kwamba kumfukuza kazi kwa sababu hiyo ni kosa linalomfikisha mwajiri mbele ya bodi inayomsajili. Kwa anayeogopa kutaja jina, Uingereza ina tangu 2005 utaratibu wa kupokea kwa siri taarifa za hatari za majengo kutoka kwa watu wa ujenzi, zikachambuliwa na kusambazwa bila kumtaja aliyezileta. Bodi zetu zinaweza kuanzisha wa kwao kwa Kiswahili na kwa simu ya kawaida. Mwaka 2012 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi, na Rwanda ikajiunga baadaye. Duniani, makubaliano ya Sydney ya mwaka 2001 yanahusu elimu ya wanateknolojia na yale ya Dublin ya mwaka 2002 yanahusu elimu ya mafundi sanifu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuteremka ngazi hiyo nayo, maana makandarasi, saruji na nondo vinavuka Namanga na Horohoro kila siku, na aliyefutiwa usajili upande mmoja kwa kughushi vipimo hapaswi kuweza kuvuka asubuhi inayofuata na kuanza kupima zege upande wa pili.